DAWA YA KUVUTA KWA WATOTO WACHANGA WALIOBANWA NA KIFUA

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi na wafanyakazi wa vituo vya afya

Ndugu Wananchi,



Kila unapoingia msimu wa mafua, vituo vya afya hupokea watoto wachanga wengi waliobanwa na kifua. Aghlabu mzazi hufika na ombi moja mdomoni: mtoto atiwe mashine ya mvuke. Ombi hilo lina sababu yake. Jirani mwenye pumu alitiwa mashine hiyo, na baada ya muda mfupi akarudi nyumbani kwa miguu yake. Aliyeyaona hayo hudhani kwamba kifua ni kifua, na kwamba dawa iliyomfungua mtu mzima itamfungua na mtoto wa miezi 4. Mazungumzo haya yamekusudiwa kueleza kwa nini mambo hayako hivyo, nini hasa humsaidia mtoto wa umri huo, na lini mzazi asingoje hata saa moja.

MARADHI YENYEWE

Maradhi yanayozungumzwa hapa huitwa na madaktari bronkiolaitisi. Ni uvimbe wa vijia vidogo kabisa vya hewa, vile vilivyo mwisho wa matawi ya mapafu. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, na zaidi walio baina ya miezi 2 na miezi 6. Huanza kama mafua ya kawaida: makamasi, homa ndogo na kikohozi. Baada ya siku mbili au tatu maradhi hushuka kifuani. Mtoto hupumua haraka, pumzi hutoka kwa sauti kama ya mluzi, na kunyonya humwia vigumu. Siku ya 3 hadi ya 5 ndizo nzito kuliko zote. Baada ya hapo watoto wengi hupata nafuu wenyewe, ijapokuwa kikohozi huweza kubakia hadi wiki 3.

Husababishwa na virusi, na vinavyoongoza ni vile vijulikanavyo kwa herufi RSV. Virusi hivyo vilitambuliwa kwanza mwaka 1956 nchini Marekani katika sokwe waliokuwa na mafua, na muda mfupi baadaye Dk. Robert Chanock na wenzake wakavipata kwa watoto wagonjwa. Kwa makadirio yaliyotolewa na wataalamu mwaka 2022, katika mwaka 2019 virusi hivyo vilisababisha maradhi ya mapafu mara milioni 33 kwa watoto wa chini ya miaka 5 duniani. Watoto milioni 3.6 walilazwa hospitali, na vifo vilikuwa 101,400. Zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Jambo hili haliko mbali na mwambao huu. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti wamevifuatilia virusi hivyo kwa miaka mingi, na wameona kwamba mripuko wake mara nyingi huanza mwisho wa mwaka na kupamba moto katika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, yaani wakati wa kaskazi. Katika uchunguzi uliofanywa majumbani huko katika miaka ya 2009 na 2010, ilidhihirika kwamba mara nyingi aliyeviingiza virusi nyumbani kwa mtoto mchanga alikuwa ndugu yake mkubwa, hasa yule anayekwenda skuli. Mafua mepesi ya mtoto wa miaka 7 huweza kuwa maradhi mazito ya mdogo wake wa miezi 3.

KWA NINI DAWA YA PUMU HAIKIFUNGUI KIFUA HIKI

Dawa inayotiwa aghlabu katika mashine ya mvuke ni salbutamoli. Ilianza kutumika mwaka 1969 na imeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa pumu. Kazi yake ni moja: hulegeza misuli midogo iliyozunguka njia za hewa. Kwa mwenye pumu misuli hiyo hukaza na kuibana njia, na ikilegea njia hufunguka.

Katika kifua cha mtoto mwenye bronkiolaitisi, kinachoziba njia ni kitu chengine. Virusi huua ngozi laini ya ndani ya vijia vya hewa. Ngozi hiyo hubanduka, kuta huvimba, makohozi huongezeka, na mchanganyiko huo hukaa ndani ya kijia kama kizibo. Kukaza kwa misuli kuna sehemu ndogo tu katika jambo hili.

Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani. Mpira ukikanyagwa maji hayapiti, na dawa yake ni kuuondoa mguu. Lakini mpira uliojaa matope ndani hautapitisha maji hata kama hakuna mguu uliokanyaga. Salbutamoli huondoa mguu. Haina uwezo wa kutoa matope. Matope yenyewe huondolewa na mwili wa mtoto kidogo kidogo, nayo huchukua siku kadhaa.

Kwa nini basi mtoto mchanga aelemewe zaidi kuliko mtu mzima mwenye mafua yaleyale? Ni kwa sababu ya udogo wa njia zake. Kwa kanuni ya maumbile, upana wa bomba ukipungua kwa nusu, uzito wa kupitisha hewa huongezeka mara 16. Uvimbe ambao mtu mzima hatauhisi kabisa humfanya mtoto mchanga apumue kwa mbavu na tumbo mpaka achoke.

UTAFITI ULIVYOSEMA

Mwaka 1963 madaktari Reynolds na Cook walichapisha maelezo juu ya matibabu ya maradhi haya, na hitimisho lao lilikuwa kwamba oksijeni ndiyo yenye umuhimu mkubwa, na kwamba ushahidi wa kufaa kwa dawa nyengine ulikuwa mdogo mno. Pamoja na hayo, miaka iliyofuata madaktari wengi waliendelea kutumia dawa za kupanua njia za hewa. Hawakufanya hivyo kwa uzembe. Mtoto mwenye maradhi haya hubadilika saa hadi saa. Akipanguswa pua, akinyamaza kulia au akilala, pumzi hutengemaa. Ikiwa dakika hiyo ndiyo aliyomaliza kuvuta dawa, sifa hupewa dawa.

Ili kuitenga dawa na bahati, watafiti huwagawa watoto mafungu mawili kwa kura: fungu moja hupewa dawa, jengine hupewa mvuke wa maji ya chumvi, na anayewapima hajui nani kapewa nini. Mapitio ya kitaalamu ya shirika la Cochrane, yaliyotolewa mwaka 2014, yalikusanya tafiti 30 za namna hiyo zilizohusu watoto 1,992 kutoka nchi 12. Matokeo yake ni haya: dawa haikuongeza kiwango cha oksijeni katika damu. Kwa watoto waliotibiwa bila ya kulazwa, waliolazimika kulazwa baadaye walikuwa asilimia 11.9 kwa waliopewa dawa na asilimia 15.9 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu haikutosha kuthibitisha manufaa. Kwa waliokwisha lazwa, dawa haikupunguza siku za kukaa wodini.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kiliruhusu dawa ijaribiwe kwa uangalifu, kiliubadilisha mwongozo huo mwaka 2014 na kusema salbutamoli isitolewe kwa mtoto aliyethibitishwa kuwa na bronkiolaitisi. Uingereza ilitoa mwongozo wenye maana hiyohiyo mwaka 2015.

Dawa nyengine nazo zilipimwa. Nchini Norway, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalihusu watoto 404 waliolazwa katika hospitali 8, ambapo mvuke wa adrenalini ulilinganishwa na mvuke wa maji ya chumvi. Hapakuwa na tofauti ya muda wa kukaa hospitali. Lakini jambo jengine lilijitokeza: watoto waliopewa mvuke pale tu walipohitaji, uwe wa dawa au wa chumvi, walitoka mapema kuliko waliopewa kwa ratiba maalumu, wastani ulikuwa saa 47.6 dhidi ya saa 61.3. Nchini Marekani, mwaka 2007, watoto 600 wa miezi 2 hadi 12 walipimwa kwa dawa ya deksamethasoni. Waliolazwa walikuwa asilimia 39.7 kwa waliopewa na asilimia 41.0 kwa wasiopewa, yaani hapakuwa na faida.

MADHARA YASIYOONEKANA HARAKA

Huenda pakasemwa kwamba dawa ikiwa haisaidii, basi angalau haidhuru. Hilo si sahihi. Salbutamoli huyaharakisha mapigo ya moyo na huleta mtetemeko wa mikono na miguu. Kwa baadhi ya watoto kiwango cha oksijeni hushuka baada ya kuivuta. Mtoto anayefunikwa uso kwa nguvu hulia, na mtoto mgonjwa anayelia hutumia pumzi ambayo hana.

Dhara kubwa zaidi ni la muda. Mzazi aliyeahidiwa kwamba mashine itakifungua kifua hukaa akingoja ifanye kazi. Ikishindwa huomba itiwe tena. Katika ngoja ngoja hiyo hakuna aliyempima mtoto oksijeni, wala aliyeuliza amenyonya mara ngapi tangu asubuhi.

Tahadhari hiyohiyo yahusu salbutamoli ya kunywa inayouzwa madukani ndani ya chupa. Kwa mtoto mchanga mwenye bronkiolaitisi dawa hiyo haina faida, na humfanya atetemeke na akose usingizi. Wazazi wanatanabahishwa wasimnunulie mtoto dawa hiyo bila ya kuandikiwa, wala wasimpe iliyobakia ya mtoto mwengine. Kuhusu antibayotiki, dawa hizo haziui virusi; mfanyakazi wa afya huzitoa pale anapoona dalili za nimonia.

WAPI DAWA YA KUVUTA IMEBAKIA NA NAFASI YAKE

Isifahamike kwamba mtoto yeyote mwenye mluzi kifuani anyimwe dawa hiyo. Katika kituo cha afya si rahisi kila mara kutenganisha bronkiolaitisi na pumu inayoanza. Kwa ajili hiyo maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa hospitali na vituo vya ngazi ya chini yanaruhusu mtoto mwenye mluzi apewe dawa ya kupanua njia za hewa kwa majaribio, hadi mara 3, kwa kupishana dakika 15 hadi 20, kisha apimwe upya. Akipata nafuu ya wazi, huenda ana pumu na ataendelea kutibiwa kwa njia hiyo. Asipopata nafuu baada ya dozi hizo, hiyo ni moja ya dalili za bronkiolaitisi, na hapana sababu ya kuendelea.

Maelekezo hayo hayapingani na ya Marekani na Uingereza. Hayo ya nchi hizo yanamhusu mtoto ambaye maradhi yake yamekwisha tambuliwa. Haya ya Shirika la Afya Duniani yanamhusu ambaye bado anatambuliwa. Mtoto mwenye umri wa zaidi ya mwaka, aliyewahi kupiga mluzi mara kadhaa, au ambaye mama au baba yake ana pumu, ana haki zaidi ya kujaribiwa. Mtoto wa miezi 3 aliyeanza kwa makamasi juzi na kupiga mluzi leo kwa mara ya kwanza, yumkini hatafaidika nayo.

Ifahamike pia kwamba si lazima dawa ipitie mashine ya umeme. Dawa ya kupuliza ya mkononi, ikipitishwa katika chupa ya plastiki iliyotobolewa na kufungwa vyema, hufika mapafuni barabara. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa chupa ya mililita 500 iliyotengenezwa hivyo iliwafaa watoto wenye pumu sawa na kifaa cha kununua. Kwa hivyo umeme kukatika si sababu ya mwenye pumu kukosa dawa.

YANAYOMSAIDIA MTOTO

Matibabu ya bronkiolaitisi ni kumbeba mtoto mpaka mwili wake umalize kazi. Nguzo zake ni nne.

Ya kwanza ni oksijeni. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni au mguuni huonesha kiwango chake katika damu kwa muda mfupi na bila ya maumivu. Kikiwa chini ya asilimia 90, mtoto apewe oksijeni kupitia puani na aendelee kupimwa. Kipimo hiki kina thamani kubwa kuliko kusikiliza mluzi tu, kwani mtoto anayechoka huweza kunyamaza mluzi huku hali yake ikizidi kuwa mbaya.

Ya pili ni maziwa. Mtoto anayehema hawezi kunyonya kwa muda mrefu, kwa hivyo apewe kidogo kidogo na mara kwa mara. Akishindwa kabisa, maziwa ya mama yaliyokamuliwa hupitishwa hospitali kwa mpira mwembamba wa puani, au hupewa maji kwa mshipa.

Ya tatu ni pua. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na makamasi peke yake hutosha kumzuia kunyonya. Matone ya maji ya chumvi ya dawa, kisha pua kusafishwa kwa upole kabla ya kunyonyeshwa, humpa nafuu. Asitiwe mafuta wala dawa ya miti puani, wala asifukizwe.

Ya nne ni utulivu. Matokeo ya Norway yaliyotajwa yanakumbusha kwamba kumshughulisha mtoto kwa ratiba isiyo na haja huongeza siku za kulazwa. Akae mikononi mwa mama yake, kichwa kikiwa juu kidogo, na aamshwe pale tu penye sababu.

DALILI ZA HATARI

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku, akionekana na mojawapo ya dalili hizi:

(a) Ameshindwa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;

(b) Anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kutimia mwaka, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ahesabiwe dakika nzima akiwa ametulia;

(c) Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, tundu za pua zinatanuka, au anaguna kila anapopumua;

(d) Ulimi au midomo imegeuka rangi kuwa ya buluu;

(e) Pumzi inasita na kukatika kwa muda, jambo linalowapata zaidi waliozaliwa kabla ya wakati na wa chini ya miezi 2;

(f) Amelegea, haamki kama kawaida, au ametiwa na degedege.

Waliozaliwa njiti, wenye maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo na wa chini ya miezi 3 wapelekwe mapema zaidi, hata kabla ya dalili hizo kukamilika. Wakaazi wa visiwa vidogo kama Tumbatu na Kojani, na wote ambao safari yao hutegemea chombo au maji kujaa na kutoka, wanashauriwa wasingoje usiku uingie. Maradhi haya huzidi siku ya 3 hadi ya 5. Mtoto aliyeanza kuhema siku ya pili ni bora avushwe mchana wa siku hiyo, bahari ikiwa inaonekana.

KINGA

Maziwa ya mama humpa mtoto kinga. Moshi wa sigara na wa kuni huvidhuru vijia vya hewa, kwa hivyo mtoto asilazwe jikoni wala pasivutwe sigara nyumba aliyomo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpakata. Mwenye mafua, awe mkubwa au mtoto wa skuli, asimbusu mtoto mchanga wala asimpumulie usoni. Wakati wa arobaini, jamaa wanapokuja kumtazama mzazi, mwenye mafua atoe pongezi zake mlangoni. Hiyo ni heshima kwa mtoto, na hakuna wa kulaumiwa kwayo.

Kuhusu chanjo, baada ya miaka mingi ya majaribio, mwaka 2023 ilipitishwa nchini Marekani na Ulaya chanjo ya RSV wanayopewa wajawazito ili mtoto azaliwe na kinga. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie chanjo hiyo, kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, au sindano ya kinga ya nirsevimabu anayopewa mtoto mwenyewe. Wajawazito wanahimizwa kuhudhuria kliniki kwa wakati na kuuliza huko habari za kinga hizo.

Ndugu Wananchi,

Mzazi anayefika kituoni na mtoto aliyebanwa na kifua ana haki ya kuuliza maswali matatu: Je, mtoto amepimwa oksijeni? Je, maziwa anayopata yanatosha? Je, ni dalili gani zikitokea arejeshwe? Na mfanyakazi wa afya anayemwambia mzazi kwamba mtoto wake hahitaji mvuke ana wajibu wa kumweleza sababu kwa utulivu, na kumwonesha namna ya kuhesabu pumzi kabla hajaondoka. Mzazi aliyeelezwa vizuri hatokwenda kununua dawa ya chupa njiani. Naye atarudi kwa wakati ikiwa hali imebadilika.